J. W. GREGORY: MSAFIRI ALIYESOMA MAWE

Mtu wa pwani akipanda bara, kitu cha kwanza kinachomkumbusha ugeni wake si baridi wala si lugha, ni udongo. Nenda Satellite, upande wa Dagoretti, magharibi ya jiji la Nairobi, siku ya pili ya mvua ya masika, nawe umevaa kanzu nyeupe. Utarudi mjini pindo lake limekuwa jekundu mithili ya tambuu iliyotafunwa, na sabuni yoyote utakayoipaka haitalitoa. Achimbaye choo huko aweza kuzama shimoni mpaka kichwa kisionekane, na jembe lake halijagonga jiwe. Lakini vuka jiji hilo hilo ushuke Embakasi, utakuta udongo mweusi. Mvua ikinyesha unanata viatuni kama ulimbo. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Na jiwe li karibu tu chini yake. Mpwa wangu amejenga huko, na kila kiangazi hupiga lipu upya ufa ule ule wa ukutani.

Kwa nini mji mmoja uwe na udongo namna mbili? Na kwa nini Mvita isiwe na mto hata mmoja, na huko Dagoretti kila bonde liwe na kijito chake? Mmoja wa watu wa mwanzo kuyafuata maswali ya namna hii kwa nyundo mkononi, akianzia bandarini kwetu na kupanda kwa miguu, ni John Walter Gregory, mtaalamu wa miamba ambaye jina lake wanavyuoni wa dunia wamelifunga na Bonde la Ufa. Wengi wetu tunalitaja bonde hilo kila siku, kwenye siasa na kwenye taarifa za habari, wala hatujui aliyelienezea jina hilo.

Alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mtaa wa Bow, mtoto wa mfanyabiashara ya sufu. Hakulelewa katika raha ya wakubwa. Alipofika umri wa miaka 15 alitolewa skuli akatiwa kazi ya ukarani katika mnada wa sufu, naye mchana akiandika hesabu za mali za watu, na usiku akihudhuria masomo ya jioni katika chuo cha Birkbeck. Sisi tulioanza alifu na bee kwa kibatari tunamfahamu vyema mtu wa namna hii. Mnamo 1887 akapata kazi katika jumba la makumbusho la Uingereza, idara ya mawe na visukuku. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani na kupanga wadudu wa baharini waliogeuka mawe. Wengine wangeridhika. Yeye hakuridhika.

Alifika pwani yetu mwishoni mwa 1892 pamoja na msafara mkubwa wa Wazungu uliokusudia kwenda Ziwa Rudolf, ambalo leo tunaliita Turkana. Safari ile ilivunjika mapema, kabla haijaachana na pwani. Wakubwa wake walikwenda zao, naye akabaki na homa, na likizo inapungua. Mtu mwingine angekata tikiti ya meli. Gregory alirudi Mombasa, akakusanya watu wapatao 40, wapagazi na askari, na Machi 1893 akashika njia ya bara. Mnyapara wake alikuwa Omari, mtu aliyezijua safari. Naomba jina hilo likumbukwe, kwa maana vitabu vya Wazungu vimezoea kusema kuwa fulani alivuka nyika, kama kwamba mizigo ilijibeba.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kichwani au begani, siku nzima. Mtu mwenye mzigo huo hana haja ya kufundishwa jiolojia. Unyayo wake unamfundisha. Tuifuate njia yenyewe, maana humo ndimo ulimo ukweli ambao Gregory alikuja kuuandika.

Kisiwa cha Mvita ni tumbawe, yaani mabaki ya viumbe vya bahari vilivyojenga jiwe zamani, maji yalipokuwa juu kuliko sasa. Jiwe hili limejaa matundu. Mvua ikinyesha haipati nafasi ya kutambaa juu ikawa mto; inazama. Ndiyo maana wazee wetu walichimba visima, na kwa jiwe lilo hilo wakajenga nyumba na misikiti, wakalichoma wakapata chokaa. Mji mzima umetoka katika mwamba wake. Ukivuka Changamwe ukapanda Mazeras, tumbawe limekwisha na umeingia katika mawe ya mchanga. Mchanga ulioshikana hivi hauna chakula kingi cha kuupa mmea, na maji yake ni haba. Huko ndiko kulikoogopewa Taru. Misafara ilinywa katika ngurunga, yaani mashimo ya asili juu ya mwamba ambayo hujaa mvua ikinyesha. Ngurunga zikikauka, palikuwa hapana tena maji hadi Maungu, na kati ya hapo mifupa ya watu ilionekana njiani.

Hapa nitatoka kidogo njiani, kwa kuwa mfano wenyewe tunao karibu. Ingia msitu wa Arabuko-Sokoke, nyuma ya Gede na Watamu. Humo miti inabadilika kama umevuka mpaka wa nchi. Penye mchanga mweupe usio na rutuba imesimama mirihi, mirefu, yenye nafasi katikati. Penye mchanga mwekundu miti ni mifupi, imesongamana, huwezi kupenya bila panga. Na upande wa baharini, penye udongo wa kijivu, ni mchanganyiko wa miti ya kila namna. Ndege na wanyama nao huchagua. Hakuna aliyepanda mipaka ile. Imechorwa kutoka chini.

Turudi kwa Omari na wenzake. Baada ya Voi mwamba unabadilika tena. Haya ni mawe makongwe mno, yaliyopikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi kabla hakujawa na mnyama wala mti juu ya nchi kavu. Ndani yake mna chembe ngumu za kwatzi, ambazo maji hayaziozeshi. Jiwe hilo likichakaa, kila kilicho laini huondoka na zile chembe hubaki, nazo ndizo mchanga. Ndiyo sababu mito mingi ya Ukambani ni mito ya mchanga. Ukiitazama wakati wa kiangazi unaona barabara nyeupe, kavu. Lakini chimba kwa mkono, na maji yanakuja, safi, yamechujwa. Wapagazi walilijua hili kabla ya mtaalamu yeyote. Gregory alichoongeza ni sababu.

Na jambo la ajabu zaidi liko kando ya njia hiyo. Milima ya Chyulu ni volkano changa, majivu na lava iliyojaa matundu kama sponji. Mvua inanyesha juu yake, na msitu unamea kileleni, lakini huoni mto ukitelemka. Maji yote yanazama. Yanatembea gizani ndani ya jiwe, kisha yanatokea yakibubujika mbali, mahali lava ilipokomea juu ya mwamba mkongwe usiopitisha maji. Moja ya chemchemi hizo ni Mzima. Tangu miaka ya 1950 bomba limeyaleta maji hayo mpaka Mombasa, kwa hiyo wewe msomaji uliyetia udhu asubuhi kwa maji ya mfereji, huenda ulitia kwa mvua iliyonyesha Chyulu zamani. Kibwezi nako kuna msitu mzito katikati ya nchi kavu, umesimama juu ya lava, unanywa kutoka chini.

Baada ya Machakos msafara ulitoka katika nchi ya mawe makongwe ukaingia katika nchi ya lava tupu. Kwanza ni mbuga za Kapiti na Athi, tambarare, udongo mweusi, hapana mti. Halafu, ghafla, ukuta wa msitu. Mwaka 1893 Nairobi haikuwako. Palikuwa na kinamasi na mto wa maji baridi ambao Wamasai waliuita hivyo katika lugha yao, na reli ilikuwa haijafika, ilifika 1899. Lakini jina la Dagoretti lilikuwa limekwisha julikana Mombasa, na jina la Ngongo Bagas zaidi, kituo cha misafara penye chemchemi ya Mbagathi. Inaelezwa kuwa jina hilo ni la Kimasai, maana yake jicho la maji, na kutoka humo tukapata Ngong, na Mbagathi, na hiyo Embakasi ya mpwa wangu. Wapagazi wa pwani walikipenda kituo kile kwa sababu moja: chakula. Wakikuyu walilima ukingoni mwa msitu, na msafara ulinunua viazi, maharagwe na mtama wa kuvukia nchi ya Wamasai.

Chakula kile kilitoka katika udongo wa Satellite. Nasema hivyo bila mzaha. Lava na majivu yaliyomwagika huko hayana kwatzi ya kubakia mchanga. Mvua ikipita katika majani yaliyooza hupata ukali kidogo, ikazama, ikaanza kulila jiwe. Kwa miaka elfu nyingi jiwe linaoza pale pale lilipolala, mpaka linakuwa udongo mfinyanzi wenye kina kirefu, na chuma kilichokuwamo kinabaki na kushika kutu. Wekundu ule unaoharibu kanzu ni kutu. Mizizi inashuka mbali, maji yanahifadhika, miti inakua.

Lakini msomaji makini atauliza: mbona Embakasi nako ni lava, na udongo ni mweusi? Suala zuri, na ndilo linalotufundisha kuwa jiwe peke yake halitoshi. Upande wa magharibi nchi imeinama na mvua ni nyingi zaidi, basi maji hupita katika udongo na kuondoka, yakichukua chumvi za jiwe. Mbugani nchi imelala, mvua ni chache, maji yanasimama. Chumvi zile zinabaki, zinafanya udongo mfinyanzi wa namna nyingine, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Jamaa moja ya jiwe, na watoto wawili wasiofanana.

Vijito navyo vina siri yake. Volkano hazikumwaga mara moja. Zilimwaga, zikatulia, maziwa na majivu yakatanda, zikamwaga tena. Kwa hiyo chini ya Nairobi mna matabaka, gumu juu ya laini, laini juu ya gumu. Maji yaliyozama msituni yanafika mahali hayawezi kushuka zaidi, yanatafuta ubavu wa bonde, yanatoka. Mto Nairobi unaanzia katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ukatelemka kupitia Dagoretti kuja jijini. Msitu ulipokuwa mzima, udongo mwekundu ulikunywa mvua ya masika na kuitoa polepole hata Januari. Leo sehemu kubwa ya msitu ule ni mabati na saruji. Mvua haizami tena. Inakimbia juu ya paa, inaingia katika mtaro, inafika mtoni imebeba taka na udongo. Watu wamekimbilia visima virefu vya mashine, na hapo mwamba unadai haki yake, kwa kuwa lava za huku zina floraidi nyingi, na maji yaliyokaa humo muda mrefu huwa nayo. Mtoto akiyanywa tangu utotoni meno yake hutoka na madoa ya kahawia. Si uchafu, ni jiwe.

Gregory alipofika Kikuyu, ngome ya Waingereza iliyoitwa Fort Smith ilikuwa imesimama Kabete, na nchi ilikuwa na uchungu. Miezi michache tu nyuma, Agosti 1892, mzee Waiyaki wa Hinga alikamatwa hapo, akapelekwa njia ya pwani akiwa mfungwa, akafia Kibwezi. Msafara mdogo wa watu 40 haukuwa na nguvu ya kujitetea. Ulipita kwa tahadhari na kwa kulipa.

Kisha ardhi ikakoma. Aliyepita njia ya Limuru anakumbuka mahali ambapo mbele ya gari hapana kitu ila hewa, na bonde liko chini, na Longonot katikati. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwisha dhani jambo. Eduard Suess wa Vienna, ambaye hakutia mguu Afrika ya Mashariki, alikwisha andika mwaka 1891, kwa ramani za msafara wa Teleki, kuwa mabonde haya ni mpasuko mmoja mrefu. Ilitakiwa mtu aende akashike ukuta kwa mkono. Gregory alishuka Kedong, akapita Naivasha, akaenda mpaka Baringo, akitazama tabaka kwa tabaka. Alikuta mawe yaliyo juu ya ukingo yako pia chini bondeni, na ukuta umeshuka kwa vidato kama ngazi. Bonde basi halikuchimbwa na mto. Lilizama. Fikiri tao la mlango wa nyumba kongwe ya Mji wa Kale: vuta nguzo mbili mbalimbali, na jiwe la katikati linashuka. Leo twajua kuwa bara lenyewe linavutwa, upande wa Somalia ukienda mashariki, polepole kuliko kucha inavyoota. Akaliita Bonde Kuu la Ufa, na jina likakaa.

Kutoka Baringo alikata Laikipia kuelekea Mlima Kenya, na hapo ndipo safari ilipokuwa chungu kwa watu wetu. Walipenya msitu, kisha mianzi iliyolowa, kisha baridi isiyo na jina katika Kiswahili cha pwani. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi wapagazi walivyomletea sufuria asubuhi wakilalamika kuwa maji yamerogwa, yamekuwa jiwe. Akawaambia waziteleke motoni, wakakaa wakitazama mpaka yakayeyuka. Wasomaji wake wa Ulaya walicheka. Mimi sioni cha kucheka. Mtu wa Unguja aliyelala na shuka moja juu ya mlima ule, na bado asubuhi akaamka na kubeba, anastahili heshima, si kicheko. Wengi walibaki kambi za chini. Fundi, mmoja wao, alipanda naye juu zaidi. Gregory alifika kwenye barafu yenyewe, akawa wa kwanza kuieleza kitaalamu, akaipa sehemu yake moja jina la Lewis. Barafu hiyo leo imebaki kipande. Aliona pia kuwa zamani ilishuka mbali chini, kwa mawe iliyoyasukuma na kuyaacha. Na akafahamu kuwa kilele kile chenye ncha ni koo la volkano kongwe ambayo mwili wake umeliwa na mvua. Jiwe la pekee la mlima huo alilitaja mwaka 1900 kwa jina la kenaiti. Baadaye jiwe la namna hiyo likapatikana kwenye mlima Erebus, katika barafu ya ncha ya kusini ya dunia, kwa hiyo jina la Kenya limefika hata huko.

Alirejea Mombasa baada ya miezi mitano hivi. Kitabu chake kilitoka 1896. Maisha yaliyofuata nitayapita mbio: alivuka kisiwa cha barafu cha Spitsbergen mwaka 1896, akawa profesa Melbourne mwaka 1900, na tangu 1904 mpaka 1929 alikuwa profesa Glasgow. Alizunguka Australia na Libya, akaandika vitabu vingi kuliko ambavyo mtu mmoja angepaswa kuandika.

Mwaka 1919 alirudi Kenya. Palipokuwa kinamasi pakawa mji, na alikopita kwa miguu pakawa na reli. Kitabu cha pili, cha 1921, kilizipanga lava zetu kwa umri, akizipa majina ya nchi zenyewe, Kapiti, Laikipia, Naivasha. Alikosea miaka. Lava ya Kapiti aliidhania ya zama za mijusi wakubwa, na vipimo vya leo vinaipa miaka milioni 13 hivi. Lakini mpangilio wa nini kilitangulia nini ulikuwa msingi ambao wengine walijenga juu yake.

Kuna kosa jingine ambalo vipimo haviwezi kulisahihisha. Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya rangi za watu, akihofia kukua kwa idadi ya wasio weupe na kutaka watu watengwe kila rangi na nchi yake. Mtu huyu alikwisha ongozwa na Omari nyikani, alikwisha kula chakula cha Wakikuyu, alikwisha shikwa mkono na Fundi kwenye baridi ya mauti. Aliweza kutazama jiwe jekundu na jiwe jeusi akasema asili yao moja. Kwa wanadamu ilimshinda. Wanaoandika sifa zake hupenda kuuruka mwaka huo. Mimi nimeona nisiuruke.

Alipostaafu hakutulia. Mwaka 1932, umri wake miaka 68, alijiunga na msafara wa kwenda Peru kutazama milima ya Andes. Tarehe 2 Juni walikuwa wakishuka mto Urubamba, mahali maji yanapojibana kati ya kuta mbili za mwamba mgumu na kwenda kwa kasi. Mtumbwi ulipinduka. Wenzake walifika ukingoni. Yeye alichukuliwa na maji.